Farasi Mchanga na Kijana wa Mkokoteni

Alfajiri, kabla Barabara ya Uhuru haijajaa magari, mikokoteni huwa imekwisha kufika kwenye soko la Buguruni. Viazi, vitunguu na kabichi hushushwa kutoka katika malori na kupakiwa juu ya magurudumu mawili, na mbele ya kila mkokoteni husimama mtu. Hasimami punda, wala farasi.

Sababu mojawapo ni ya kibiolojia, na alama yake imo katika jina la soko jirani. Farasi hastahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wala ule ugonjwa wa virusi vya farasi wa Afrika unaoletwa na visubi. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza liliingia katika nchi hii likiwa na maelfu ya farasi na baghala. Wengi mno walikufa. Upagazi ulikuwako tangu enzi za misafara, lakini sasa mzigo wa vita nzima ukawaangukia watu. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps, na mahali ilipokuwa kambi yake Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hiyo walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Mtu, basi, alichukua nafasi ya mnyama. Jambo la kusikitisha ni kwamba hakuchukua pamoja nayo uangalifu anaopewa mnyama huyo.

Mfugaji stadi wa farasi wa kupandwa hufanya kazi kwa subira kubwa. Farasi wa miaka miwili huonekana amekamilika: shingo imejaa, mapaja yanang'aa. Lakini ndani ya mifupa yake bado zimo sahani za gegedu ambamo urefu huongezeka. Sahani iliyo chini kabisa ya mfupa wa muundi hufunga kabla farasi hajatimiza mwaka mmoja. Iliyo juu kidogo ya goti la mbele hungoja hadi miaka miwili na zaidi. Zile za pingili za uti wa mgongo huweza kupita miaka mitano. Na mpandaji hukaa papo hapo, juu ya uti wa mgongo. Kwa hiyo farasi mchanga hutembezwa kwanza bila mtu, kisha hupandishwa vilima vya taratibu, kisha hukimbizwa kidogo na kupumzishwa. Hata akikomaa, kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji na matandiko yake wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi: kilo 90 kwa farasi wa kilo 450.

Subira hiyo ina msingi wa kisayansi, nao ni uleule kwa farasi na kwa binadamu. Mwili unapoanza kazi nzito, nguvu ya majuma ya kwanza hutokana zaidi na neva, ambazo hujifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Baadaye msuli wenyewe hunenepa. Kano, zenye damu kidogo, hukawia kwa miezi. Mfupa nao huimarika kwa kufuata mzigo unaoubeba, kama alivyoeleza tabibu wa Kijerumani Julius Wolff mwaka 1892. Lakini kwanza huchimbua sehemu zake za zamani ndipo ujenge mpya, mithili ya fundi abomoaye kipande cha ukuta ili akijenge upya. Katika kipindi hicho cha kubomoa, mfupa huwa dhaifu ilhali msuli umekwisha kupata nguvu. Msuli, kwa neno moja, hudanganya.

Kijana aliyetoka bara kuja kutafuta riziki Buguruni hudanganywa vivyo hivyo. Juma la kwanza huumwa mwili mzima. Baada ya mwezi na nusu maumivu hupungua, naye hujiona simba. Tajiri wake humwona simba pia, na mzigo huongezwa. Hakuna anayekumbuka kwamba mtulinga, mfupa ule ule unaolaliwa na gunia begani, ndio wa mwisho kukomaa mwilini, na kwamba ncha yake ya upande wa kifua huweza kuwa bado haijaungana hata kijana akiwa na miaka zaidi ya 20.

Gunia lenyewe ni hoja. Sheria ya Vipimo imeweka kilo 100 kuwa ukomo wa gunia la mazao, na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu, ni kosa. Hata hivyo, Shirika la Kazi Duniani katika pendekezo lake la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa uzito wa juu kabisa wa kubebwa na mwanamume mzima. Hivyo gunia halali, lisilo na kilemba chochote, linakaribia kuwa maradufu ya kipimo hicho. Kijana wa kilo 60 akilitwika peke yake, amebeba zaidi ya mara moja na nusu ya uzito wake, akiwa na miguu miwili tu. Vipimo vyetu vimetungwa kumlinda mkulima na mnunuzi. Mgongo uliopo katikati haumo katika hesabu. Ukomo wa gunia ungestahili kushushwa hadi kilo 50.

Kwa aliye chini ya miaka 18 hakuna mjadala: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu ubebaji wa mizigo mizito kuwa kazi ya hatari. Kwa aliyevuka umri huo, atasema mtu, njaa ya leo haingojei mfupa ukomae. Ni kweli. Lakini kumwanzisha kwa nusu ya mzigo katika miezi ya kwanza, kumpa siku ya kupumzika, maji ya kutosha na maharage au dagaa katika mlo wake si anasa. Mwenye mkokoteni anaweza kuyafanya kesho. Anaweza pia kujaza matairi upepo, kutia grisi, na kupanga magunia yaelekee juu ya ekseli, ili uzito ukae juu ya magurudumu badala ya mikononi mwa kijana.

Walimu wa fizikia wanalo somo hapa. Mkokoteni wenye kilo 400 ukipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20, msukumaji hulazimika kuongeza nguvu inayolingana na kuinua kilo 20, mbali na msuguano. Ukiingia kwenye mchanga, msuguano wa magurudumu huweza kuwa mara kumi ya ule wa lami. Wanafunzi wachukue mizani ya springi, waombe ruhusa kwa wenye mikokoteni, wapime kwenye lami na kwenye vichochoro vya Buguruni, kisha waulize umri wa anayevuta.