Rai ya Mmoja Katika Baraza la Wengi

Wahenga walipousia kwamba ukienda kwa wenye chongo ufumbe lako jicho, walikusudia adabu ya mgeni, wala hawakuutaka umma mzima upofuke kwa hiari. Lakini katika mikutano yetu ya mtaa, hapa Lipangalala na Ifakara nzima, wasia huo umegeuka kanuni, kwani mwenyekiti akisha kusema anayekubali anyooshe mkono, mikono ya mbele huinuka kwanza na ya nyuma huifuata, ingawa miongoni mwao wamo wenye shaka kubwa nyoyoni.

Mwaka 1951 mwanazuoni wa Marekani, Solomon Asch, alitangaza matokeo ya majaribio ambayo ndani yake mtu aliulizwa ni mstari upi unaolingana kwa urefu na mwingine, jambo lililo dhahiri kwa kila mwenye macho, akawasikia wenzake waliokwisha kupangwa wakijibu uongo kwa kauli moja. Na takriban theluthi ya majawabu ya waliojaribiwa ikaufuata uongo huo. Lakini alipopatikana mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, makosa yalishuka hadi kiasi cha robo ya yale ya awali.

Kauli ya wengi yaweza hata kuua. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Seliani, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na halaiki iliyosadiki kwamba ni wanyonya damu. Sisi wa Bonde la Kilombero tuna sababu ya kulizingatia tukio hilo zaidi, maana tangu miaka ya 1950 Ifakara imekuwa makao ya watafiti wa maradhi, ambao huingia majumbani mwetu kutafuta mbu na kupima damu ya malaria, na uvumi kama ule haushindwi kuzuka kwetu.

Kwa hiyo nashauri kwamba mwenyekiti asiite mikono kabla ya kuwauliza wenye rai tofauti, naye atoe rai yake mwisho. Na mwenye shaka aseme mapema, kabla ghadhabu haijakomaa, kwa kuwa halaiki ikisha kushika mawe haisikii tena. Kusema hivyo si ukaidi wala utovu wa adabu: ni amana tuliyowekeana sisi majirani, na anyamazaye huku akiijua haki ana sehemu yake katika dhuluma itakayofuata.