MTI WA MTONI KATIKA NCHI KAVU

Watu wengi wasemao Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi, sasa wamekaa katika jimbo la Colorado, Marekani, na baadhi yao wamekwisha kupata nyumba zenye viwanja. Mwenye kiwanja hutaka kivuli. Akienda kitaluni kununua mche, huuona mti mmoja upendezao kuliko yote: gamba lake lina rangi ya mdalasini, tena hujibandua lenyewe kama karatasi. Kibao chake kimeandikwa River Birch. Sisi hapa tutauita mbetula wa mtoni. Shauri letu, ewe msomaji, ni hili: usiununue mti huu kwa uzuri wa gamba lake mpaka umejua utakudai nini, na umeamua kama utaweza kuulipa.

1. Kwao ni wapi?

Jina lake lasema kweli. Kwao ni mashariki ya Marekani, kandokando ya mito na mahali panapofurika maji, tangu New Hampshire mpaka kaskazini ya Florida. Sehemu nyingi za kusini mashariki hupata mvua ya inchi 40 na zaidi kwa mwaka, na udongo upendwao na mti huu ni mchachu. Sasa utazame mji wa Denver. Mvua na theluji pamoja ni kama inchi 15 tu kwa mwaka. Hata Dodoma, ambako wakulima wamezoea kulia ukame, hupata mvua kuliko hiyo. Udongo wa Denver nao, mahali pengi, ni mfinyanzi wenye chokaa. Kuupanda mti huu hapa ni kama kumhamisha mvuvi na kumweka nyikani: ataishi, ila kwa kuletewa chakula.

2. Kiu ya wakati wa baridi

Wengi hudhani kwamba adui ni baridi. Sivyo. Mti huu huvumilia baridi kali mno. Kiuuacho ni kiu. Theluji ya Denver mara nyingi huyeyuka upesi, kisha huja wiki nyingi za jua na upepo mkavu. Mizizi, ambayo mingi iko karibu na uso wa ardhi, hukauka huku mwenye nyumba amekaa ndani, akiamini kwamba mti umelala wala hauhitaji kitu. Tena mabomba ya kumwagilia bustani hukaushwa yapata mwezi wa Oktoba ili yasipasuke kwa barafu, na pengine hayafunguliwi mpaka majira ya kuchipua. Mti ulioharibika mizizi huweza kutoa majani mwezi wa Mei kwa akiba iliyomo mwilini mwake, kisha hunyauka joto likija. Hapo mwenyewe hulaumu jua la kiangazi, kumbe mti uliuawa mwezi wa Januari.

Basi shika kanuni hii. Tangu Oktoba mpaka Machi, ikiwa hakuna theluji chini na hewa imepita digrii 40 za Farenhaiti, mwagilia mti mara moja au mbili kwa mwezi. Fanya hivyo adhuhuri, maji yapate kuzama kabla ya baridi ya usiku. Kipimo ni galoni 10 kwa kila inchi moja ya unene wa shina. Ukiisha, ondoa mpira katika bomba, maji yasije yakaganda ndani.

3. Majani ya manjano

Adui wa pili ni chokaa. Madini ya chuma yamo ardhini, lakini chokaa huyafunga, mti usiweze kuyapata. Majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Baadaye kingo huungua na matawi hufa. Kwa hiyo, kabla ya kununua mche, chukua konzi ya udongo mkavu, uumiminie siki. Ukitoa povu, chokaa ipo. Wala usidanganyike kwamba unga wa salfa utaugeuza udongo wa namna hiyo. Chokaa ikiwa nyingi, kazi hiyo haina mwisho. Dawa ya chuma husaidia, lakini itakupasa kuirudia.

4. Uamuzi

Wako wasemao kwamba mti huu haufai kabisa Denver. Hao wamepita kiasi, maana hustawi mahali pa bondeni penye maji ya kutosha na udongo usio na chokaa. Tena una sifa ya haki: yule mdudu atoboaye mibetula myeupe na kuiua, huu humstahimili sana. Ukiwa na mahali kama hapo, upande, na utandaze vipande vya mbao juu ya mizizi kwa unene wa inchi 3 au 4, ila visiguse shina.

Lakini ukumbuke maji hayo yatoka wapi. Karibu nusu ya maji ya Denver huvushwa kutoka ng'ambo ya milima, katika mito iendayo kwenye mto Colorado. Mto huo hutegemewa na majimbo 7 na nchi ya Mexico, nao umepungukiwa tangu mwaka 2000. Kila galoni ina mwenzio aingojaye.

Kwa hiyo, kwa viwanja vingi, twaona ni afadhali kuchagua mwaloni uitwao Bur Oak, au Hackberry, au Kentucky Coffeetree, ambao licha ya jina lake si mbuni. Miti hii huvumilia chokaa na ukame. Ni kweli kwamba Bur Oak hukua polepole, na yote itataka maji miaka ya kwanza, hata wakati wa baridi; walakini ikiisha kushika mizizi, hukupunguzia kazi mwaka hata mwaka.

Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Aliye tayari kukokota mpira wa maji mwezi wa Januari, mwaka huu na miaka ijayo, na apande mbetula. Asiye tayari na aupite, asije akapoteza fedha zake na miaka ya kivuli cha watoto wake. Jaribu siki kwanza. Kitaluni uende baadaye.