HUKUMU ISIYOLIPWA

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Lakini wapo wadaiwa ambao, hata baada ya Mahakama kukata shauri, hujifanya hawana kitu, hali fedha zao zimelala salama benki. Kwa mtu wa Wesha aliyemkopesha mfanyabiashara dagaa wake, akaacha shughuli zake kwa kwenda na kurudi mahakamani Chake Chake hata akashinda, hukumu ya namna hiyo haina tofauti na karatasi tupu.

Yafaa wananchi wafahamu kuwa sheria haikumwacha mshindi bila ya njia. Sheria ya mwenendo wa madai ya Zanzibar, kama ile ya Tanzania Bara, ina asili yake katika kanuni ya Uhindi ya mwaka 1908. Kisheria, fedha zilizowekwa benki ni deni ambalo mteja anaidai benki yake. Kwa hiyo mshindi aweza kuiomba Mahakama iizuie benki isimlipe mteja huyo, ili hatimaye fedha zimfikie anayestahiki. Benki haihukumiwi kwa kosa lolote. Hutakiwa tu kukishika kilichomo mikononi mwake.

Mambo mawili huiponza njia hii. La kwanza ni kuchelewa. Mdaiwa akipata fununu kabla ya amri kuifikia benki, huzitoa fedha zote siku hiyo hiyo. La pili ni mshindi kutojua fedha ziko wapi, hasa siku hizi ambapo nyingi hupitia katika simu. Lakini hundi za zamani na stakabadhi za malipo zaweza kuonyesha njia, na Mahakama ina uwezo wa kumwita mdaiwa ahojiwe kwa kiapo juu ya mali yake.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mdaiwa avuliwe nguo. Sheria za asili hiyo hulinda mavazi, vyombo vya kupikia, zana za fundi na sehemu ya mshahara. Taabu ni kuwa mshahara ukishaingia benki huchanganyika na fedha nyingine. Twaona ni wajibu wa mahakimu kuuliza fedha hizo zimetoka wapi kabla ya kuzitoa zote, wasije watoto wa mdaiwa wakalala na njaa.

Neno letu la mwisho ni kwa viongozi. Huko Bara sheria hairuhusu mali ya Serikali kukamatwa kwa ajili ya hukumu. Hutolewa hati, na ofisa mhusika hutakiwa alipe. Kinga hiyo ni amana, wala si ruhusa ya kuchelewesha. Mwezi wa Agosti 2019 ndege iliyotumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa ajili ya fidia iliyodaiwa Serikali, hata mahakama ya huko ilipoiachia mwezi wa Septemba. Mdai asiyesikilizwa nyumbani hubisha hodi ugenini.

Tunatoa rai kwamba maombi ya kukaza hukumu yasikilizwe upesi, na amri zifikishwe benki siku ile ile zitolewapo. Mwananchi akiona hukumu hailipwi, kesho hatakwenda mahakamani. Atatafuta haki yake kwa mikono yake mwenyewe, na hapo hasara itakuwa yetu sote.