Majina ya Mitaa ni Mali ya Taifa



Yako maneno yasemwayo siku hizi katika mabaraza yetu, na hata ndani ya ofisi, ambayo hatuwezi kuyaacha yapite bila jibu. Yasemwa ya kwamba khabari za kale ni kazi ya wazee wasio na shughuli, na ya kwamba jina la mtaa ni kibao tu cha kumwonyesha dereva njia. Wasemao hivi si wajinga. Wengi wao wamesoma, na baadhi yao ni makarani wenzetu. Kwa hiyo yatupasa kuwajibu kwa hoja, wala si kwa matusi.

Asili ya mazungumzo haya ni kazi ya anwani za makazi iliyofanywa nchi nzima mwaka 2022, kabla ya hesabu ya watu ya tarehe 23 Agosti mwaka ule. Kazi yenyewe ilikuwa njema. Nyumba isiyo na namba haifikiwi upesi na gari la wagonjwa, wala na gari la zimamoto, wala na barua. Hesabu ilionyesha watu 61,741,120 katika nchi, na katika hao 5,383,728 wamo katika Mkoa wa Dar es Salaam. Umati kama huo hauwezi kuongozwa kwa kuambiwa, "Shika njia ya mwembeni, kisha uliza." Walakini kibao hutaja jina tu, hakisemi sababu ya jina. Na sababu ndiyo tunayoitetea hapa.

Itazameni Goba. Goba ilikuwa mashamba, nje ya mji, upande wa Kinondoni. Sasa ni kata ya Wilaya ya Ubungo, na viwanja vimekatwa mpaka mabondeni. Ndani ya kata hiyo moja mna mtaa uitwao Muungano, na mna mitaa iitwayo Kinzudi, Kulangwa na Matosa. Jina la Muungano kila mtoto wa shule aweza kulieleza: kwamba tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana zikawa nchi moja. Lakini mwulizeni mtoto yule yule, au baba yake aliyenunua kiwanja mwaka jana, Kinzudi maana yake nini, na kwa nini pakaitwa hivyo. Mara nyingi mtapata kimya. Jina la kwanza lina vitabu, sikukuu na mwalimu. La pili lina wazee wachache waliobaki. Wazee hao wakiisha, jina litakuwa kama kifuu cha nazi: umbo lipo, nazi yenyewe haimo.

Mtu atasema, "Jina likibaki, yatosha." Haitoshi, na ushahidi uko Kariakoo. Nani katika Tanzania asiyeijua Kariakoo? Mfanyabiashara wa Mwanza aijua, na wa Mbeya, na wa Kigoma. Hata hivyo wengi wapitao pale hawajui ya kwamba jina lile ni la watu. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, mahali pale pakawa kambi ya jeshi la wachukuzi, ambalo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Na ulimi wetu ukaligeuza likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ile ile. Wachukuzi waliotumikishwa na Waingereza katika vita vile, tangu 1914 mpaka 1918, wakadiriwa kuwa kama milioni moja. Walibeba unga, risasi na majeruhi vichwani na mabegani, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo na njia za magari hazikuwapo. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa na njaa.

Sasa tuulize: majina yao yako wapi? Hapana awezaye kusema ya kwamba hawakuandikwa. Mkuu wao, Oscar Watkins, aliwaandikisha, nao wakapewa namba. Maana jeshi haliwezi kumlipa posho mtu asiyekuwamo daftarini. Kalamu zilikuwapo na wino ulikuwapo. Lakini vita vilipokwisha, wakubwa walishauriana ya kwamba haifai kumwekea kila Mwafrika kaburi lenye jina lake. Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alikuwa miongoni mwa walioona ya kwamba makaburi makubwa ya wachukuzi yaachwe yarudie pori. Ilipita karne moja hata tume ile ya Kiingereza itunzayo makaburi ya vita ikakiri, katika taarifa ya mwezi wa Aprili 2021, ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Hayo ndiyo malipo ya jina lisilo na khabari yake. Watu wale walipoteza uhai, na jeshi lao likapata soko.

Tena tusidhani ya kwamba kumbukumbu hujiotea kama majani. Kumbukumbu hupandwa na mwenye nguvu, na mwenye nguvu mwingine huja akaing'oa. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha katika mji huu sanamu ya Hermann von Wissmann, na chini ya miguu yake wakamweka askari mweusi. Waingereza walipoingia waliiondoa, nayo ikaishia Hamburg; na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao walisimamisha sanamu yao ya Askari, hapo njia panda tunapopita kila siku twendapo ofisini. Katika sanamu hii Mwafrika amepanda juu ya jiwe, tena yu peke yake na bunduki yake. Hilo twalikubali kuwa ni hatua. Na maandishi yake yawataja wachukuzi pamoja na askari. Walakini katika jiwe lile hamna jina hata moja la mtu aliyekufa. Barabara ipitayo pale nayo imebadili jina mara kadha wa kadha: ilikuwa ya miti ya mikakaya, ikawa ya Uhuru, na sasa ni ya Samora Machel. Kila zama zimeandika pale zilipopenda mpita njia ajione kuwa ni nani.

Basi kama ndivyo ilivyo kwa barabara kubwa, ndivyo ilivyo kwa vichochoro vya Goba. Mwenye kutaja ndiye mwenye kumiliki. Ikiwa wenyeji hawatasema kwa nini mahali pao paitwa hivyo, atakuja mgeni mwenye fedha apaite kwa jina la duka lake, na watoto wao watakubali.

Hapa twajua ya kuwa wako watakaotupinga kwa hoja tatu, nasi tutazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: ati kukumbuka ya mtaa ni kuvunja umoja wa taifa, na kufufua ukabila. Hoja hii ina uzito, maana umoja wetu ulipatikana kwa taabu. Lakini tutazame vita vya Maji Maji, vya 1905 mpaka 1907, ambavyo leo twavihesabu kuwa ni mzizi wa taifa. Je, vilianza kama khabari ya taifa? Vilianza Matumbi, kwa watu waliochoka na kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba. Kinjeketile alikuwa mtu wa Ngarambe, naye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni, naye alinyongwa mwaka 1906, wala wazee wa mji uitwao kwa jina lake hawakuacha kuuliza kichwa chake kilipelekwa wapi. Kwa miaka mingi kitabu kikubwa cha vita hivyo kilikuwa kile cha Gavana Götzen, yaani mtu yule yule aliyevizima. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na waalimu wao Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona au kusimuliwa na baba zao. Kutoka katika vinywa vile vya Umatumbi, Ungindo na Ungoni taifa lilipata masimulizi yake lenyewe. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi. Angeomba radhi kwa nani kama pale Songea hapangekuwa na watu waliokumbuka? Mito ndiyo iijazayo bahari. Anayeiziba mito kwa kuipenda bahari hajui maji hutoka wapi.

Hoja ya pili: ati wazee husahau, huongeza chumvi, tena kila ukoo hujisifia. Ni kweli. Lakini je, faili hazina chumvi? Sisi tunaozishika twajua. Dawa ya shahidi mmoja dhaifu ni kumtafuta shahidi wa pili na wa tatu, kisha kuandika maneno ya kila mmoja pamoja na jina lake na tarehe. Khabari mbili zisizopatana, zikiandikwa zote, zafaa kuliko khabari moja iliyopotea.

Hoja ya tatu ndiyo isemwayo kwa sauti kubwa: ati watu wataka maji, barabara na zahanati, hawataki hadithi. Nasi twayataka hayo pia, nasi tunakaa huko huko vumbini. Lakini watu hupataje maji? Hupata kwa kusimama pamoja wakadai, na kwa kuchanga pamoja wakachimba. Wasiojuana hawasimami pamoja. Katika mitaa ya pembezoni kila mmoja ametoka kwao: huyu Kilimanjaro, huyu Bukoba, huyu Mtwara, na katikati yao wamo wenyeji waliouza mashamba, na makaburi ya wazee wao yaliyokuwa mashambani sasa yamo karibu na kuta za watu wengine. Mgeni asipoambiwa pale palikuwa pa nani, atauona mwembe kuwa ni kizuizi cha gari na kaburi kuwa ni kifusi. Akiambiwa, aweza kuwa mwana wa mtaa. Mtu hapati utaifa kwa kuimba wimbo wa taifa tu. Huupata pia kwa kujua anakanyaga udongo gani.

Sasa neno kwa makarani, maana jambo hili latuhusu sisi kuliko wengine. Mwaka 1922 Martin Kayamba alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Twamjua kwa sababu aliandika khabari za maisha yake, nazo zikapigwa chapa mwaka 1936. Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, alikuwa mtumishi wa reli. Kabla ya kufa mwaka 1949 aliandika maisha yake kwa mkono wake, na mjukuu wake Daisy akayatumia kuandika sura ya kitabu mwaka 1973. Watu hawa walikuwa wakubwa, hatukatai. Lakini katika wale wachukuzi milioni moja hamkuwamo wakubwa pia? Tofauti iliyo wazi ni kalamu. Aliyeandika yu pamoja nasi; asiyeandikwa amekuwa soko.

Kwa hiyo twataka mambo manne, wala si mambo ya gharama. Kwanza, katika kila ofisi ya mtaa, kuanzia Goba, liwepo daftari moja la majina, na kila jina la mtaa, njia, kisima na mlima liandikwe pamoja na sababu yake, jina la aliyesimulia na tarehe. Pili, kabla jina jipya halijatundikwa, wenyeji waulizwe jina la zamani, nalo liandikwe hata kama halikuchaguliwa. Tatu, kiwanja chenye kaburi kisiuzwe mpaka jina la aliyezikwa limeandikwa katika karatasi za mauzo na katika daftari hilo. Nne, nakala ya daftari ipelekwe shule ya msingi iliyo karibu, ili mtoto ajifunze Muungano na Kinzudi katika darasa moja.

Daftari la kurasa mia ni bei ya chakula cha mchana. Kalamu tunazo. Wazee wangalipo, ingawa wanapungua kila mwaka. Mwanachama akaaye mtaa wowote ule na aanze na mzee mmoja Jumamosi hii, bila kungoja waraka kutoka juu. Maana waraka waweza kuchelewa, na mauti haichelewi.