Daftari la Wiki: Saini ya Jenerali

Baridi ya Mbeya wiki hii haina adabu. Wauza makoti ya mitumba pale Mwanjelwa wanacheka peke yao.

*

Iringa, kijiweni Miyomboni, kijana mmoja ananionyesha kwenye simu kadi ya posta inayonadiwa Ulaya: Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kofia imekunjwa ukingo upande mmoja, saini ya wino chini ya picha. Anataka kuinunua. "Ya nini?" "Historia, mzee."

Historia kweli ipo. Mwishoni mwa 1918 bwana huyu alipita nyanda zetu hizi, Waingereza wakiwa nyuma yake. Aliacha wagonjwa Ubena, akavuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, akasalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba. Akaishi hadi 1964, akaandika vitabu, akasaini sana. Wapagazi waliomfia njiani hakuna aliyewaomba saini.

Kilichonikera hasa ni cheti. Mkusanyaji makini hanunui mpaka mtaalamu athibitishe kuwa mkono ni wa jenerali mwenyewe: wino umechunguzwa, herufi zimelinganishwa na barua zake. Safi. Sasa twende Kalenga. Mkwawa, ambaye wapiganaji wake walimwua kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, hakuacha saini. Wajerumani walikusanya kichwa chake. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kiliitaka Ujerumani ikikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Wakubwa wakatia saini zao, miezi sita ikageuka miaka 35. Juni 1954 Gavana Twining ndiye aliyekuja nacho Kalenga, baada ya kukichagua Bremen katikati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa. Basi jina la jenerali kwenye kadi linadai mtaalamu wa maandishi. Fuvu la mtwa wa Wahehe liliamuliwa kwa futi kamba, na wanahistoria wanabishana hadi leo.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza chai, akaniuliza kama kadi yangu ya benki inakubali malipo ya nje.

*

Nimeshasema na nitasema tena: rupia ya dhahabu yenye tembo ilitengenezwa Tabora 1916, vita vikiwa vimepamba moto. Si kila anayekunong'oneza stendi ya Nane Nane anayo kwenye soksi.

*

Mwenye picha ya babu yake askari au mpagazi aandike nyuma jina na kijiji, kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi usoni.

*

Ofisi moja ya mtaa, siitaji: saini ya mwenyekiti ipo, muhuri umefungiwa kabatini, mwenye ufunguo kaenda msibani Tukuyu. Barua yangu, nimeambiwa, bado si barua.