Kila Chumba Kiwe na Hati

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 yakataza kumtoa mpangaji pasipo amri ya korti, wala kodi isipandishwe kupita asilimia 10 kwa mwaka. Vema sana. Lakini hati ya maandishi ni lazima tu kwa upangaji wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi. Hapa Kasese na Bwera vyumba vingi hukodishwa kwa maneno ya mdomo. Mwenye nyumba akikana, mchuuzi wa Mpondwe atamwonyesha hakimu nini? Mimi nasema kila chumba kiwe na hati, hata ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili. Wenye nyumba watanung'unika (baba yangu mmojawapo), lakini karatasi hiyohiyo ndiyo itakayowasaidia kumdai mpangaji asiyelipa.