Kujua Lugha Hakumfanyi Mtu Mkalimani wa Mahakama

Katika mahakama zetu za Kenya kuna imani sugu kwamba yeyote aliyezaliwa ndani ya lugha anaweza kuikalimani. Mshtakiwa asiyejua Kiingereza wala Kiswahili akipanda kizimbani, karani husimama kando yake. Karani naye asipoijua lugha ile, huitwa askari au mtu wa kwao aliyeketi kwenye benchi, na kesi huendelea. Watu huona tatizo limekwisha. Hapo ndipo linapoanza.

Chukua mfugaji wa Turkana anayesomewa shtaka la wizi wa mbuzi. Anaulizwa kama ni kweli, anajibu: "Ni kweli niliwachukua, lakini ni haki yangu, nilikuwa namdai." Mkalimani wa kuokoteza anamgeukia hakimu: "Ni kweli." Hakimu anaandika kwamba mshtakiwa amekiri. Maneno yaliyomezwa ndiyo yaliyokuwa utetezi wake, maana kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu humkinga aliyechukua mali akiamini kwa nia njema kwamba ana haki nayo. Zaidi ya hayo, kwa kanuni, aliyekiri katika mahakama ya chini hawezi kukata rufaa kupinga hatia; hubaki kulalamikia adhabu tu.

Wapo wanaosema hakimu, kiongozi wa mashtaka na wakili wataligundua kosa. Wataligundua vipi, ikiwa hakuna hata mmoja wao anayeielewa lugha hiyo? Isitoshe, maskini wengi hawana huyo wakili.

Sheria tunayo. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza mshtakiwa aelezwe shtaka na viini vyake vyote kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mkalimani bila malipo. Bila malipo hakumaanishi bila ujuzi.

Idara ya Mahakama iajiri wakalimani waliofunzwa sheria, iwaapishe na kuwalipa kama wataalamu. Sauti ya mshtakiwa irekodiwe, ili jaji wa rufaa apate pa kuhakikisha. Na mkalimani asipopatikana, kesi iahirishwe. Kuahirisha kunachosha, kumfunga mtu kwa ungamo ambalo hakulitoa ni dhuluma.